Mgongo wa Simba

Dereva anayefanya kazi kati ya Voi na Wundanyi, kwenye vilima vya Taita nchini Kenya, hana budi kulijua gari lake kwa namna mbili zisizofanana. Kutoka Voi hadi Mwatate, kilomita 25 hivi, nchi imelala, jua ni kali, na mikonge imejipanga kwa mistari hadi macho yanachoka. Hapo injini haina la kulalamikia. Ukishaiacha Mwatate ukaelekea Dembwa mambo yanageuka. Barabara inajipinda, inapanda, inajipinda tena, na kabla hujamaliza kilomita 20 umekwea mita 500 hivi. Joto limebaki chini, na watu wa kituoni wamevaa sweta. Ndiyo njia ya kupandishia sukari na saruji, na ndiyo ya kuteremshia kabichi, sukumawiki na nyanya zinazoliwa Mombasa. Mwatate hiyo hiyo inatoa pia barabara ya Bura, Maktau na Mbuyuni hadi Taveta, ambayo kabla ya lami ya miaka ya 2010 ilikuwa murram nyekundu yenye makunyanzi yasiyokwisha, ikipita ubavuni mwa Tsavo Magharibi huku ndovu wakikatiza watakapo.

Mlima hulihukumu gari kwa joto na breki. Murram ya Taveta ililihukumu kwa mtikisiko na vumbi. Magari mengi yalifaulu mtihani mmoja yakaanguka mwingine. Moja lilifaulu yote miwili kwa muda mrefu kuliko yaliyotangulia na mengi yaliyofuata: Peugeot 504, ambayo Kenya nzima iliiita Pijo.

Ukiuliza kwa nini madereva waliichagua, utajibiwa haraka kwamba ilikuwa gari gumu. Jibu hilo haliniridhishi. Land Rover ilikuwa ngumu zaidi. Lori la Bedford lilikuwa gumu kuliko zote mbili, na hakuna mama mwenye mtoto mgongoni aliyesimama stendi ya Voi akiliombea Bedford lije limchukue. Dereva wa matatu huchagua gari kwa kiuno cha abiria wake, kwa maana abiria ndiye anayelipa, na asiyeshuka salama leo atapanda la mwenzako kesho. Pijo ilipendwa kwa ulaini wake. Ilikwenda juu ya makunyanzi ya Maktau bila kumhesabia abiria mifupa, na ulaini huo haukuja kwa bahati. Kuna watu waliukalia kwa miaka.

Watu hao walikuwa na chuma mikononi zamani sana kabla ya kuwa na gari. Ukoo wa Peugeot, upande wa mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi, ulianza karne ya 19 kwa kuviringisha chuma kuwa bapa nyembamba. Walitengeneza misumeno, springi za saa, mbavu za miavuli, pete za kupanulia magauni ya mabibi wa enzi ile, kisha mashine za kusagia kahawa na pilipili manga. Simba wao, aliyesajiliwa kuwa alama mwaka 1858, hakuwa simba wa gari. Alikuwa simba wa msumeno. Alitolewa kwa sifa tatu walizotaka mnunuzi azione katika ubapa: meno yasiyoisha makali, mwendo wa haraka katika kukata, na mgongo unaopinda bila kuvunjika.

Sifa hiyo ya tatu ndiyo iliyovuka bahari ikafika kwetu. Nakiri nafurahia kidogo kwamba simba aliyechorwa na watu ambao huenda hawakuwahi kumwona simba wa mwituni alikuja kuzeekea Tsavo, kwenye nchi ya simba madume wasio na manyoya shingoni, ambao tangu mkasa wa mwaka 1898, simba walipowala wajenzi wa reli, hawahitaji kutangazwa na kampuni yoyote.

Turudi kwenye chuma. Springi ya gari huanza kuwa fimbo ya chuma kilichochanganywa na silikoni kidogo. Huchomwa hadi ikawa nyekundu, ikazungushwa kwenye mhimili ikapata umbo la msokoto, kisha ikazamishwa katika mafuta. Hapo inakuwa ngumu, tena ngumu kupita kiasi. Pigo moja la nyundo laweza kuipasua. Kwa hiyo hurudishwa motoni mara ya pili, kwa joto dogo zaidi na kwa utaratibu, mpaka ugumu ulegee kidogo na unyumbufu urudi. Moto ukizidi, springi italala chini ya mzigo na isiinuke tena. Ukipungua, itakatika kwenye shimo la kwanza. Kisha uso wake hupigwa kwa vidonge vidogo vya chuma, maelfu kwa maelfu, ili ngozi ya nje ibanwe na ufa usipate pa kuanzia. Fundi wa jua kali anayefua panga kutoka kwa springi ya bapa ya lori kuukuu anaijua habari hii kwa mkono wake bila kuisoma popote: chuma cha springi hukubali kupinda na hukumbuka kilikotoka.

Peugeot 504 ilipotolewa mwaka 1968, waliisanifu kwa wazo ambalo si kila kiwanda kilikuwa tayari kulilipia. Gurudumu likigonga jiwe, nguvu ya pigo lile lazima iende mahali. Springi ngumu hulipokea kwa kujibana kidogo tu, na salio hupanda kwenye bodi, kutoka bodi kwenye kiti, kutoka kiti kwenye uti wa mgongo wa mwanadamu. Springi laini huweza kulimeza pigo lote, lakini kwa sharti moja: ipewe nafasi ya kusafiri. Gurudumu lazima liweze kupanda mbali na kushuka mbali kabla ya kugonga ukomo. Hilo ladai gari lililoinuka, mikono mirefu ya kushikia magurudumu, na mpangilio ambao haupindishi tairi linapopanda. Yote hayo ni gharama. Wengi walikwepa gharama hiyo kwa kuweka springi fupi ngumu, wakaita ugumu ule uimara.

Pijo ya saluni ilipewa nyuma magurudumu mawili yasiyofungana, kila moja na mkono wake na springi yake, kila moja likishuka shimoni peke yake bila kumburuta mwenzake. Mwaka 1968 haikuwa kawaida kwa gari la bei ile. Mbele, springi na shokamzoba vilisimamishwa pamoja kwenye mguu mmoja mrefu. Na hapo kwenye shokamzoba ndipo heshima yangu kwa wahandisi wale inapozidi. Springi peke yake haifai. Ikishabanwa hutaka kuruka, na gari lenye springi laini zisizo na mshikaji hucheza barabarani kama mashua. Shokamzoba ndiyo mshikaji. Ndani yake mafuta husukumwa kupitia vitundu na vali nyembamba, na mruko wa springi hugeuka kuwa joto linalopotelea hewani. Ukubwa wa kitundu kile ukikosewa kwa unywele, abiria atajua. Viwanda vingi vilinunua shokamzoba kwa watu wengine. Peugeot ilijitengenezea zake. Waliounda springi na waliounda mshikaji wake walikuwa nyumba moja, na matokeo yake yalisikika kwenye barabara ya Taveta: gari lilishuka kwenye bonde dogo, likazama, likainuka mara moja tu, likatulia.

Gari lenye matako marefu, ile stesheni wagoni iliyogeuzwa matatu, lilikuwa habari nyingine, na wengi hawajui kwamba chini yake halikufanana na saluni. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma uliongezwa kutoka mita 2.74 hadi 2.90. Ile mikono miwili ya nyuma iliondolewa, pakawekwa ekseli moja nzima yenye springi nne za msokoto, mbili kila upande. Kwa nini wairudishe ekseli baada ya kuisifia mikono? Kwa sababu ya mzigo. Mikono ile, ukiikalisha watu wengi na magunia, hubadilisha pembe ya tairi. Tairi linalala na kulika upande mmoja. Ekseli nzima hubaki imesimama wima hata ukiweka nini juu yake. Springi mbili kila upande zilibeba uzito huo bila kulazimika kuwa ngumu. Mbele ya tatizo jipya, kiwanda kingine kingetia springi za bapa kama za lori na kuendelea na maisha. Hawa walikaa wakafikiri upya, lakini lile lengo la kwanza, kwamba aliyeketi nyuma kabisa asiumie, hawakulitupa.

Na aliyeketi nyuma kabisa alikuwa na haki ya kuwaza. Kiti cha safu ya tatu kilipangwa kwa ajili ya familia ya Kifaransa inayokwenda likizo. Huku kwetu kilikalisha walimu wanaorudi kazini, mwenye kuku wawili, na kijana aliyebeba redio ya kutengenezwa, huku makreti ya nyanya yamefungwa kwa kamba kwenye keria. Nyanya ndizo zilizokuwa kipimo. Mwenye nyanya aliyeteremka kutoka Werugha au Mgange hakuuliza injini ina nguvu ngapi. Aliuliza, "Dereva, hizi zitafika?" Zikifika zimepondeka, soko la Kongowea kule Mombasa halimsikilizi mtu.

Mengine yaliyo ndani ya gari lile nitayapitia upesi, ingawa kila moja lastahili makala yake. Injini ililazwa kwa pembe ya digrii 45 ili boneti iwe chini. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Kila moja ilikuwa mrija wa pekee uliozungukwa na maji, unaoweza kuchomolewa ukichakaa na kutiwa mpya. Ni sawa na kubadilisha godoro bila kununua kitanda. Kwa fundi wa Voi aliyekuwa mbali na mashine za kuchongea silinda, jambo hilo lilimaanisha kwamba injini iliyokufa ingeweza kufufuliwa chini ya mwembe kwa spana, jeki na subira. Mhimili unaopeleka nguvu nyuma ulifungiwa ndani ya bomba, vumbi lisiufikie. Na feni ya kupoza maji haikuzunguka wakati wote. Ilikuwa na sumaku ya umeme iliyoinasa pale tu maji yalipopata joto la kiasi fulani, kisha ikaiachia.

Feni hiyo nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza mlima. Feni inayozunguka daima huiba nguvu kwa injini na kupiga kelele. Kwenye tambarare ya Voi na Mwatate upepo wa mwendo wenyewe unatosha, kwa hiyo feni ya Pijo ilipumzika. Gari lilipoanza kupanda, gia ya pili, mwendo wa kinyonga, upepo hakuna, maji yakapanda joto, feni ilinaswa na sauti ya gari ikabadilika. Dereva mzoefu alikuwa akiisikia. Kwake ilikuwa taarifa, mapema kuliko mshale wa kwenye dashibodi. Gari linalompa dereva habari kwa sikio hufundisha udereva, na nadhani ndiyo maana waliojifunza kwenye Pijo wanajivuna hadi leo, wakati mwingine kupita kiasi.

Magari haya hayakuja yakiwa mazima. Vipande vilifika bandari ya Kilindini ndani ya makasha, vikaunganishwa Mombasa kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, AVA kwa ufupi. Peugeot 504 zilizounganishwa Kenya zinafikia 27,000 hivi. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na 425,000 za Nigeria, lakini tarehe zinasema jambo jingine: Ulaya iliacha kuzitengeneza saluni mwaka 1983, na Kenya iliendelea kuunganisha mpaka 2004. Kwa miaka mingi, basi, Mombasa ilikuwa ikiunda gari ambalo kwao lilikuwa limeshakuwa kumbukumbu. Wapo waliolicheka gari hilo kuwa la kizamani. Dereva hakucheka. Gari linapokaa miaka mingi bila kubadilika, spea hujaa, bei hushuka, na kila fundi kutoka Taveta hadi Mackinnon Road anazijua nati zake gizani.

Sifa ya Pijo ilitangazwa pia na mbio za Safari Rally, na hapa lazima nipunguze shangwe kidogo. Ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alishinda mara nne: mwaka 1963 na 1968 akiendeshwa na Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 kwa mkono wa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Katika miaka ya 1963 na 1968 matope na mvua za Pasaka yaliacha magari saba tu yakimaliza. Kisha 504 yenyewe ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na toleo lake la milango miwili lenye injini ya V6 likashinda 1978 mikononi mwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Vilima vya Taita vilikuwa sehemu ya njia ya mashindano hayo kwa miaka mingi, na watoto walipanga mstari juu ya kingo za barabara kuwaona wakipita katikati ya migomba. Sawa. Lakini ushindi wa mashindano ni kazi ya siku chache, ukisaidiwa na mafundi waliojaa kwenye gari la nyuma. Matatu ya Wundanyi ilikuwa mashindano ya kila siku, na aliyeyashinda hakupewa kombe. Ukinilazimisha kuchagua ushahidi, nachukua matatu.

Na tusimpe chuma sifa zote tukamsahau mwenye usukani. Kulipakia Pijo ilikuwa kazi ya kufikiri. Mzito huketi katikati, kwenye safu ya pili, kwa maana hapo ndipo uzito unapogawanyika mbele na nyuma. Magunia hayarundikwi nyuma ya ekseli, la sivyo pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi wa kutisha kwenye kona. Keria haijazwi juu, kwa sababu gari laini hulala upande likipinda, na mzigo wa juu huzidisha kule kulala. Makanga aliyeyajua haya alikuwa fundi kamili, ingawa hakuna aliyempa cheti.

Kushuka kulikuwa na adabu yake. Gari zito linaloteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate linabeba nguvu ambayo lazima itolewe, na breki ikiitoa peke yake itachemka, itanuka, kisha itaacha kushika. Kwa hiyo dereva aliweka gia ya chini kabla ya kona, hakungoja kona imfike, akaiacha injini ilishike gari huku ikinguruma, na mguu ukagusa breki kwa vipindi, ukigusa na kupumzika. Sheria waliyorithishana ilikuwa kwamba unashuka kwa gia ile ile uliyopandia. Abiria mgeni angepiga kelele, "Dereva, mbona gari linalia hivyo?" Naye angejibiwa na mwenyeji aliyeketi kando yake, "Tulia mama, likinyamaza ndipo uogope."

Pijo iliondoka pole pole, kwa sababu zinazojulikana. Katika miaka ya 1990 magari ya mitumba kutoka Japani yalimwagika bandarini, Nissan ya abiria 14 ikawa na hesabu nzuri zaidi kwa mwenye gari, na kanuni za matatu za mwaka 2004, zile watu walizoziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi, zikazipanga matatu upya kwa mikanda na vidhibiti mwendo. Kutoka Voi kwenda vilimani sasa hivi Probox ndiye mfalme. Nayo ni gari la akili, japo mimi siwezi kuizungumzia kwa mapenzi yale yale. Probox ilisanifiwa ibebe mizigo ya ofisi mjini Japani. Inavumilia, inakunywa kidogo, spea zake zimejaa. Lakini ukiketi nyuma yake kwenye njia mbovu ya juu ya Wundanyi utajua kwamba walioiunda hawakukuwaza wewe.

Hapa ndipo ninapofika kwenye gari ambalo halijapata kuwa la kawaida Voi, nalo ni saluni ya kifahari ya umeme. Chukua Mercedes-Benz EQS, iliyotolewa mwaka 2021. Huko Ulaya na Marekani, wenye fedha wanaoichagua hutoa sababu ambazo dereva wa Pijo angezielewa bila mkalimani. Hawaanzi na mwendo kasi, ingawa wanao. Wanaanza na ukimya, na utulivu wa kiti cha nyuma. Bodi yake imelainishwa hata upepo unaipita kwa shida ndogo kuliko karibu saluni yoyote ya kuuzwa. Kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.20. Betri, ambayo gari lilipotolewa ilikuwa ya kilowati-saa 107.8, imelazwa chini ya sakafu, uzito uko chini kabisa, gari halilali kwenye kona. Mahali pa springi za chuma pana mifuko ya hewa ambayo hujijaza na kujipunguza yenyewe, na kompyuta inabadilisha ukakamavu wa shokamzoba wakati gari linakwenda. Kile kitundu cha mafuta ambacho wahandisi wa zamani walikichagua mara moja na kukiacha, sasa kinachaguliwa upya kila mara, mtu akiwa amelala kiti cha nyuma.

Navutiwa. Ni kazi ya mikono stadi, na lengo ni lile lile la mgongo wa simba: pigo la barabara limalizikie chini, lisipande. Tofauti ni kwamba Wajerumani wale wamefikia ulaini kwa kuongeza, Wafaransa walifikia kwa kupunguza. EQS ina uzito wa tani mbili na nusu hivi, karibu mara mbili ya Pijo ya saluni. Mfuko wa hewa ukipasuka Maktau, hakuna wa kuushona chini ya mwembe. Na ingawa gari linaweza kujiinua milimita 25 likienda pole pole, limezaliwa karibu na ardhi, na ukingo wa tuta la Mwatate haulijui jina la Mercedes.

Hata hivyo, kuna kipande kimoja cha barabara ambapo gari la umeme linanifanya nitamani kuliona likifanya kazi huku kwetu, nacho ni ule mteremko. Nguvu ile ambayo dereva wa Pijo aliitupa kwa kelele za gia na joto la breki, mota ya umeme huigeuza ikawa chaji. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Gari la tani 2.7 pamoja na abiria likishuka mita 500 linaachia kilowati-saa 3.7 hivi. Toa zinazoliwa na matairi, upepo na mitambo yenyewe, tuseme zinabaki mbili. Ni chache mbele ya betri ya 107.8, lakini kwa gari la namna hiyo zinatosha kilomita kumi, yaani karibu nusu ya njia kutoka Mwatate kwenda Voi, zimetoka mlimani bure. Na umeme uliolipandisha, kwa kuwa karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa sehemu kubwa haukuletwa na meli ya mafuta.

Ila mlima huo utadai adabu mpya. Betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka kinachorudi. Ukiijaza chaji pomoni Wundanyi kisha ukaanza kuteremka, mota haitakushika kama ulivyozoea, na breki zitarudi kufanya kazi yote, zikiwa na tani mbili na nusu mgongoni. Dereva atakayeitoa saluni ya umeme Wundanyi alfajiri itabidi aache nafasi ndani ya betri, asilimia tano hivi, kabla hajachomoa waya.